Shamba Liliuzwa Asome, Kumbe Anakimbia!

Msomaji, tuseme wewe ni mzazi wa huku Theta. Nusu ekari uliyorithi kwa baba yako, ile iliyokuwa na kahawa kabla bei haijakuvunja moyo, umemuuzia mtu wa Nairobi anayetaka kujenga nyumba za kupangisha. Pesa hizo, pamoja na za harambee iliyofanyiwa uwanjani pa kanisa, zimemfikisha bintiyo Marekani kusomea shahada ya uzamili. Majirani wamekupa jina jipya. Siku hizi wewe ni mama wa yule aliye ng'ambo.

Miezi minane inapita. Jumapili moja inaingia picha kwenye simu. Unavaa miwani kwa haraka ukitarajia kumwona ndani ya koti jeupe la maabara, akichungulia darubini. Wapi! Binti yuko katikati ya barabara, kaptura imembana, nambari imebandikwa kifuani kwa pini, jasho linamchuruzika na kinywa ki wazi kama cha samaki aliyetolewa majini. Chini ya picha ameandika kwa furaha kwamba amemaliza marathoni yake ya kwanza, kilomita 42 na ushei, kwa saa nne na dakika kadhaa. Pesa za zawadi hakupata. Alichopata ni medali ambayo, unakuja kuambiwa baadaye, kila aliyefika mwisho alipewa.

Je, tuliuza shamba akasome au akakimbie?

Usimpigie simu ya hasira kwanza. Swali lako lina haki yake, na wazazi wengi wamejiuliza kabla yako. Lakini majibu yake hayahitaji kutafutwa mbali. Yako hapa hapa kando ya barabara kuu ya Thika, katika vyuo viwili ambavyo matatu yako huvipita kila unapokwenda mjini.

Kutoka Juja hadi Pullman

Anza na Juja. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilifunguliwa mwaka wa 1981 kikiwa chuo cha kawaida, kwa msaada wa Japani, kikapandishwa hadhi kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 1994. Miongoni mwa vijana walioanzia masomo hapo katika miaka hiyo ni Bernard Lagat, mzaliwa wa Kapsabet. Jina hilo lilikuja kujulikana duniani kote, lakini wakati huo alikuwa mwanafunzi tu wa Juja kama wengine, mwenye mbio nzuri na vitabu vya hesabu.

Mwaka wa 1996 Lagat alihamia Chuo Kikuu cha Washington State kilichoko Pullman, mji mdogo wa chuo uliozungukwa na vilima vya ngano kaskazini magharibi mwa Marekani. Kocha wake huko alikuwa James Li, mzaliwa wa China. Hebu fikiria picha hiyo: Mkenya na Mchina, katikati ya ngano na theluji. Wawili hao walidumu pamoja kwa miaka mingi. Lagat alisoma mambo ya kompyuta na usimamizi, akahitimu, na alipokwenda Michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka wa 2000 alirudi na nishani ya shaba ya mita 1500. Athens, mwaka wa 2004, ilikuwa ya fedha. Baadaye alichukua uraia wa Marekani, jambo lililowaudhi Wakenya wengi, na katika mashindano ya dunia ya Osaka mwaka wa 2007 akashinda dhahabu mbili, za mita 1500 na mita 5000, akiwa amevaa fulana ya nchi hiyo.

Kuhusu uraia huo kila mtu na maoni yake. Linalotuhusu hapa ni kwamba kwa kijana huyo mbio ndizo zilizolipa karo. Hakuna shamba lililouzwa. Miguu ndiyo iliyokuwa shamba lenyewe.

Sasa rudi nyuma kidogo, upite Ruiru ukielekea Nairobi, ufike Kahawa. Pale Chuo Kikuu cha Kenyatta ndipo alipofundisha Profesa Mike Boit, na kwa maoni yangu huyu ndiye mfano bora zaidi tulio nao wa mtu aliyebeba utafiti, safari na mbio kwa pamoja bila kuangusha hata kimoja.

Boit alizaliwa mwaka wa 1949. Katika Olimpiki ya Munich ya mwaka wa 1972 alinyakua nishani ya shaba ya mita 800, na katika mita 1500 akamaliza wa nne. Mtu mwingine angeridhika. Yeye alikwenda Marekani akaanza shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Eastern New Mexico, huko Portales, nchi tambarare na kavu. Kisha akasoma uzamili Stanford, California. Kisha uzamifu katika Chuo Kikuu cha Oregon. Na muda wote huo aliendelea kukimbia na mabingwa wa dunia.

Tazama ratiba ya maisha yake, msomaji. Mwaka wa 1976 alikuwa miongoni mwa waliotazamiwa kushinda Montreal, lakini nchi za Afrika zikasusia Olimpiki kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka wa 1978 akashinda dhahabu ya mita 800 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton, Kanada. Mwaka wa 1980 Kenya ikasusia tena Olimpiki, mara hii ile ya Moscow. Olimpiki mbili zilimpita hivi hivi akiwa katika ubora wake, na si kwa kosa lake. Mwanariadha asiyekuwa na kitu kingine maishani angeweza kuvunjika kabisa. Boit alikuwa na vitabu vya kurudia.

Na hakuacha kukimbia. Agosti 1981, akiwa na miaka 32, umri ambao wakimbiaji wengi wa wakati huo walikuwa wameshatundika viatu, alimfuata Mwingereza Sebastian Coe katika mbio za maili moja mjini Brussels. Coe alivunja rekodi ya dunia siku hiyo kwa dakika 3 na sekunde 47.33, Boit alimaliza wa pili kwa dakika 3 na sekunde 49.45. Mwaka uliofuata akapata shaba ya mita 1500 Brisbane, Australia. Mwaka wa 1983 akaenda Auckland, New Zealand, akashiriki maili ya barabarani inayoteremka mlima, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 28. Hakuna aliyeihesabu kuwa rekodi, maana mteremko ule ungemkimbiza hata mkokoteni, lakini watu wanaikumbuka hadi leo.

Baadaye alirudi nyumbani. Katika miaka ya 1990 aliteuliwa kuwa Kamishna wa Michezo, na chuoni Kenyatta akafundisha sayansi ya michezo na kufanya utafiti. Mwaka wa 2004 yeye na wenzake, wakiongozwa na Vincent Onywera, walichapisha uchunguzi wa chakula cha wakimbiaji kumi walipokuwa kambini Kaptagat. Kila walichokula kwa siku saba kilipimwa kwa mizani. Ilionekana kwamba zaidi ya robo tatu ya nguvu zao ilitokana na vyakula vya wanga, ugali ukiwa mbele, na kwamba katika wiki hiyo kabla ya mashindano walikuwa wakitumia nguvu nyingi kuliko walizokula. Chai ya maziwa yenye sukari nyingi, ile tunayokatazana siku hizi, nayo ilikuwa na sehemu yake kubwa.

Nimelieleza hilo kwa sababu moja. Mkimbiaji aliyekwenda kusoma ndiye aliyerudi kuwachunguza wakimbiaji. Kama angekuwa mtu wa vitabu pekee, labda asingejua la kuuliza.

Saa ishirini na saa ishirini

Sasa tumrudie bintiyo, ambaye si Boit wala Lagat. Kwa nini anakimbia ilhali hakuna anayemlipa?

Kwanza ni vizuri ujue anachofanya huko, maana neno "anasoma" linaficha mengi. Shahada ya kwanza mtu huenda darasani, husikiliza, huandika, hufanya mtihani. Uzamili na hasa uzamifu ni jambo jingine. Masomo ya darasani huisha mapema, kisha mwanafunzi huachwa na swali moja ambalo hakuna anayejua jibu lake, hata mwalimu wake. Uzamifu Marekani unaweza kuchukua miaka mitano au zaidi. Ana bahati iwapo chuo kimemsamehe karo na kumpa posho kidogo kwa kufundisha wanafunzi wadogo au kufanya kazi katika maabara ya profesa. Viza yake ya mwanafunzi haimruhusu kufanya kazi popote apendapo. Wakati wa muhula ni ndani ya chuo, na isizidi saa ishirini kwa wiki. Saa hizo ishirini ndizo za posho. Utafiti wake mwenyewe haumo humo.

Na utafiti hauna adabu. Chembe hai zinazooteshwa kwenye vyombo vya maabara zinataka kulishwa hata Jumapili. Mimea ya majaribio haijui Krismasi. Mashine ya vipimo ina foleni, na zamu ya mgeni mara nyingi ni usiku wa manane. Mtu anaweza kufanya jaribio kwa miezi minne likaharibika kwa sababu dawa moja ilikuwa imepitwa na wakati. Hapo hana cha kumwonyesha mtu. Mzazi akiuliza kwa simu "umefika wapi?", jibu la kweli ni kwamba leo yuko nyuma ya pale alipokuwa mwezi wa tatu.

Hapo ndipo mbio zinapoingia. Ukikimbia kilomita kumi leo, umekimbia kilomita kumi. Hakuna profesa wa kuzikataa. Wiki ijayo ukikimbia kumi na mbili, unaona kwa macho yako kwamba umesonga mbele. Kwa mtu ambaye kazi yake nzima ni kusubiri, hiyo ni dawa. Isitoshe, mbio za alfajiri humlazimisha kulala mapema na kula chakula cha kueleweka, na vikundi vya wakimbiaji wa mtaani humpa watu wa kuzungumza nao ambao hawajui lolote kuhusu tasnifu yake wala hawataki kujua.

Wako waliozidisha zaidi wakaingia michezo ya watatu kwa mmoja: kuogelea kilomita moja na nusu, baiskeli kilomita 40, kisha mbio kilomita kumi, yote kwa mfululizo. Na kuna ile ndefu zaidi ya hiyo, ambapo mtu huogelea kilomita 3.8, akaendesha baiskeli kilomita 180, halafu akakimbia marathoni nzima. Mtoto wa Theta aliyejifunza kuogelea ukubwani, tena katika bwawa la chuo lenye maji ya uvuguvugu, ana haki ya kupigiwa makofi hata akiwa wa mwisho.

Wala jambo hili si geni. Roger Bannister, Mwingereza wa kwanza kabisa kukimbia maili chini ya dakika nne, alikuwa mwanafunzi wa udaktari London. Kabla ya hapo alikuwa amefanya utafiti Oxford kuhusu upumuaji wa mtu akimbiaye. Alifanya mazoezi wakati wa chakula cha mchana kwa sababu hakuwa na saa nyingine. Asubuhi ya tarehe 6 Mei 1954 alikuwa hospitalini kazini, kisha akapanda gari moshi kwenda Oxford, na jioni akakimbia kwa dakika 3 na sekunde 59.4.

Jambo jingine la kuchekesha kidogo: ng'ambo Mkenya haulizwi kama anakimbia, huulizwa anakimbia kwa kasi gani. Mtu ambaye huku alikuwa akipanda bodaboda kwenda stejini anajikuta ametajwa kwenye timu ya idara kabla hajafungua kinywa. Ukimwambia Mmarekani kwamba wewe hukutoka Iten ila kando ya Mto Theta, hakuelewi. Naye si wa kulaumiwa sana. Catherine Ndereba wa Nyeri alishinda Boston mara nne, na Samuel Wanjiru wa Nyahururu akatwaa dhahabu ya marathoni Beijing mwaka wa 2008. Mlima nao umetoa wakimbiaji.

Jihadhari na wakala

Hapa nataka mzazi asome polepole, maana pesa zinaweza kupotea.

Kuna watu wanaopita wakiahidi kwamba kijana aliyemaliza digrii hapa anaweza kupata ufadhili wa mbio kwa masomo ya uzamili Marekani, mradi alipe ada ya kushughulikiwa. Wakati mwingine inawezekana, lakini kuna kizingiti ambacho wakala hatakutajia. Michezo ya vyuo vikuu vya huko husimamiwa na chama kiitwacho NCAA. Kwa miaka mingi kanuni yake ya daraja la kwanza imekuwa kwamba mwanafunzi ana miaka mitano ya kushiriki misimu minne, na miaka hiyo huanza kuhesabiwa siku anapojiandikisha kuwa mwanafunzi wa muda wote katika chuo chochote duniani. Kwa hivyo miaka minne aliyokaa Juja au Kahawa nayo imehesabiwa, hata kama hakuwahi kuvaa kaptura ya michezo. Akifika huko na digrii mkononi, amebakiwa na kidogo sana au hana kitu. Lagat alihama kabla ya kumaliza Juja. Tofauti ni hiyo.

Hata yule anayefaulu kuingia timu ya chuo anaingia kwenye hesabu nyingine ngumu. Tangu mwaka wa 1991 kanuni zimeweka ukomo wa saa ishirini kwa wiki za mazoezi na mashindano. Ukizijumlisha na zile ishirini za posho ni arobaini kabla hajafungua kitabu. Na ukomo wenyewe una mwanya: siku ya mashindano huhesabiwa kuwa saa tatu tu hata ikichukua siku nzima, na safari ya basi au ndege kwenda huko haihesabiwi. Wanariadha hutoka chuoni Alhamisi, wakarudi Jumapili usiku, na Jumatatu saa mbili asubuhi mtu anatakiwa maabarani. Utawaona kwenye viwanja vya ndege, vitabu vimefunguliwa mapajani, macho yamefumba.

Na zawadi za pesa je? Aliye na viza ya mwanafunzi asikimbilie kupokea hundi ya mbio za barabarani kabla ya kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake. Shilingi hizo chache zinaweza kumgharimu viza yenyewe.

Anamkimbilia nani?

Mpaka hapa utadhani nasema kila anayekimbia ng'ambo yuko salama. Sivyo. Mbio hizo hizo zimewaponza wengine, na si haki kumsimulia Boit bila kumtaja Henry Rono.

Rono alikuwa Pullman miaka karibu ishirini kabla ya Lagat, katika chuo kile kile. Mwaka wa 1978, akiwa mwanafunzi, alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81: mita 5000 tarehe 8 Aprili huko Berkeley, kuruka viunzi na maji mita 3000 tarehe 13 Mei Seattle, mita 10,000 tarehe 11 Juni Vienna, na mita 3000 tarehe 27 Juni Oslo. Hakuna mwanadamu mwingine aliyefanya hivyo kabla wala baada yake. Na katikati ya rekodi hizo aliendelea kukimbilia chuo chake, kwa sababu chuo kilitaka pointi.

Olimpiki za mwaka wa 1976 na 1980 zilimpita kama zilivyompita Boit. Lakini Rono aliangukia pombe. Mwaka wa 1981 aliinuka kidogo akaivunja tena rekodi yake ya mita 5000 nchini Norway, kisha akazama. Mtu aliyekuwa akishangiliwa na viwanja vizima Ulaya alifikia hatua ya kuosha magari na kubeba mizigo ya abiria katika uwanja wa ndege wa Albuquerque, na kuna siku alikosa hata mahali pa kulala. Alirudi Kenya mwaka wa 2019 baada ya miaka mingi, akafariki Februari 2024.

Watu husema ni pombe, basi wakafunga mjadala. Mimi naona pombe ilikuja kwa mtu ambaye kila mmoja alikuwa na haja na miguu yake: chuo, waandalizi wa mashindano, taifa lililomtuma na kumzuia. Aliyekuwa na haja na Henry mwenyewe simwoni kwa urahisi.

Kisa cha pili ni kizito zaidi. Marko Cheseto wa Pokot Magharibi alikuwa mwalimu kabla ya kupata nafasi ya kusoma na kukimbia katika Chuo Kikuu cha Alaska, mjini Anchorage. Alaska ni mahali ambapo katikati ya kipupwe jua huonekana kwa saa chache tu kwa siku. Mwaka wa 2011 mwenzake wa timu, Mkenya kama yeye, alijitoa uhai. Cheseto alibeba majonzi hayo kwa miezi, akijilaumu, nje akionekana mzima na mbio zake zikiendelea. Jioni moja ya Novemba mwaka huo alitoka akatokomea msituni kwenye baridi ya barafu. Alipopatikana siku ya tatu, miguu ilikuwa imeganda. Ikakatwa yote miwili.

Aliishi. Alimaliza digrii yake. Kisha akaanza upya kukimbia, sasa kwa miguu ya bandia, na mwaka wa 2019 akamaliza marathoni ya Boston kwa saa 2 dakika 42 na sekunde 24, muda ambao hakuna mtu asiye na miguu yote miwili aliyekuwa ameufikia. Tangu hapo amezungumza hadharani mara nyingi kuhusu ukimya uliomfikisha pale.

Mzazi wa Theta, kisa hicho kinakuhusu kuliko rekodi zote za Rono. Ukimya wa aina hiyo huanzia mara nyingi kwenye simu za nyumbani. Mtoto aliyeuziwa shamba hawezi kusema kwamba jaribio limekataa. Hawezi kusema analia bafuni. Atasema "niko sawa, mama", kisha utamkumbusha karo ya mdogo wake na bati za nyanya, na posho yake yenyewe ndiyo hiyo ya saa ishirini. Ukiona picha yake akikimbia, basi jua kuna kitu angalau anakifanya kwa ajili yake mwenyewe. Cha kuogopa zaidi ni siku picha zitakapokoma.

Kwa anayejiandaa kuondoka

Wanafunzi wengi huondoka Agosti, masomo ya huko yakianza mwishoni mwa mwezi huo. Kama una wako anayefunga sanduku, kuna machache ya kumwambia, na mengine unaweza kumsaidia sasa hivi.

Akianza mazoezi huku, ana bahati ya mahali. Barabara za udongo kati ya mashamba ya kahawa yaliyobaki Ruiru na Juja ni laini kwa magoti kuliko lami, na asubuhi kukiwa safi humwonyesha Kilimambogo kwa mbali. Thika iko mita zipatazo 1,600 juu ya bahari. Ajabu ni kwamba Albuquerque, mji alikosomea Ibrahim Hussein kabla ya kushinda marathoni ya New York mwaka wa 1987 na Boston mara tatu, uko karibu kimo hicho hicho. Akipelekwa huko mapafu hayatahisi ugeni. Akipelekwa Houston au Florida, Agosti itamwangusha kwa joto la unyevu lisilofanana hata na la Mombasa, na mwezi wa kwanza asijilazimishe.

Viatu anunue viwili huko huko. Unga wa ugali hupatikana katika maduka ya Waafrika mijini, lakini Pullman si mjini. Ajifunze kula mchele na viazi bila manung'uniko. Wasichana wanaokimbia sana wapimwe damu mara kwa mara, maana madini ya chuma huwapungukia bila wao kujua, kisha uchovu hudhaniwa kuwa uvivu wa masomo. Profesa wake aambiwe mapema kuhusu mbio zozote kubwa. Wengi wao hawana neno kama vipimo vimefanywa. Wasilopenda ni kugundua kwa kuona picha.

Wewe mzazi kazi yako ni simu. Saa tatu usiku ya Jumapili hapa Theta, wakati wa kiangazi cha kwao, ni saa nane mchana New York na saa tano asubuhi kule Pullman. Novemba wakirudisha saa zao nyuma, tofauti inazidi kwa saa moja. Mbio zake ndefu za wiki atakuwa amezimaliza, ameoga, ana sahani mbele yake na hana haraka ya kwenda popote. Mpigie hapo. Muulize amekimbia kilomita ngapi, halafu mwache aendelee kusema.